Saluni na Stesheni Wagoni: Gari Moja, Mikia Miwili

Katika kata ya Utemini, ndani ya Manispaa ya Singida, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, magari madogo yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa nchini huonekana kwa maumbo mawili makuu: saluni, yaani gari ambalo buti lake limetengwa na chumba cha abiria, na stesheni wagoni, ambalo paa lake huendelea hadi mwisho na mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu, hata abiria na mizigo wakawa chumba kimoja. Mara nyingi maumbo hayo ni ndugu wa tumbo moja. Corolla Axio, ambayo ni saluni, na Corolla Fielder, ambayo ni stesheni wagoni, zilitolewa na Toyota mwaka 2006 zikiwa na umbali uleule wa milimita 2,600 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Hata hivyo husemwa mara kwa mara kwamba Fielder ni nzito kwenye kona na huyumba mkia. Dai hilo lina ukweli ndani yake, ila chanzo chake si umbo pekee, bali zaidi ni mzigo ambao umbo hilo hukaribisha.

Gari likiwa tupu, paa refu, vioo vya ubavuni na mlango mkubwa wa nyuma huongeza uzito, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo hukaa juu na nyuma. Kwa sababu hiyo kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote wa gari waweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika hapo, hupanda na kurudi nyuma kidogo. Kikipanda, mwili wa gari hulala zaidi upande wa nje wa kona. Na uzito ukiwa mbali na katikati ya gari, mkia huchelewa kuanza kugeuka na, ukishaanza, huchelewa kuacha, jambo linaloonekana hasa pale kona ya kulia inapofuatwa papo hapo na ya kushoto. Viwanda hujibu kwa kufunga nyuma springi na shokomzoba ngumu zaidi, na ndiyo maana stesheni wagoni tupu huweza kurukaruka kwenye mashimo ambayo saluni huyapita kwa upole. Pamoja na hayo, tofauti za gari tupu ni ndogo kiasi kwamba tairi zilizochakaa au zisizojazwa upepo sawasawa zinatosha kuzifunika.

Mambo hubadilika mzigo unapoingia, na Singida ni mkoa wa alizeti, vitunguu na kuku, bidhaa ambazo hazikosi kusafirishwa kwa magari madogo. Ekseli ya nyuma hufanya kazi kama gogo lililolaziwa ubao: kinachowekwa nyuma yake hukandamiza nyuma na papo hapo huinua mbele. Magunia ya vitunguu yenye jumla ya kilo 200, yakiwekwa sentimita 50 nyuma ya ekseli hiyo katika gari lenye milimita 2,600 kati ya ekseli, huziongezea tairi za nyuma kilo zipatazo 238 na kuzipunguzia za mbele 38, ingawa hakuna aliyegusa upande wa mbele. Katika gari linalovutwa na tairi za mbele, upungufu huo ndio unaoufanya usukani uwe mwepesi kupita kiasi, tairi ziteleze kwenye mlima wa tope, na taa za usiku zimulike macho ya anayekuja badala ya barabara. Katika mteremko wa Sekenke, kwenye barabara itokayo Singida kwenda Igunga, gari lililopakiwa namna hiyo huongezewa tatizo la pili, kwani uzito uliorundikwa nyuma huuvuta mkia utoke nje ya kona pindi dereva anapokanyaga breki akiwa katikati yake.

Hapa ndipo stesheni wagoni inapostahili kutetewa. Buti la saluni lipo karibu lote nyuma ya ekseli, hivyo mzigo wake hauna pa kusogea. Katika stesheni wagoni viti vya nyuma hulazwa, na magunia yaleyale yakasukumwa mbele hadi yakae juu ya ekseli au mbele yake. Kilo 200 zilizopangwa vizuri ndani ya Fielder huliacha gari likiwa tulivu kuliko kilo hizohizo ndani ya buti la Axio. Kasoro ni kwamba nafasi hiyo haina kikomo kinachoonekana ila paa, na kila gunia linalopandishwa juu ya jingine hupandisha kitovu cha uzito, mbali na kwamba mzigo usiofungwa kamba huja kichwani mwa abiria siku ya breki ya ghafla.

Peugeot 504, ambayo wengi Afrika Mashariki waliiita Pijo, ilionyesha jinsi kiwanda kinavyoweza kulichukulia jambo hili kwa uzito. Saluni yake ya mwaka 1968 ilikuwa na mita 2.74 kati ya ekseli, na tairi zake za nyuma zilicheza kila moja peke yake. Stesheni wagoni iliyofuata ilirefushwa hadi mita 2.90, ikapewa ekseli ngumu inayounganisha tairi zote mbili, na springi nne badala ya mbili. Saluni ndiyo iliyompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975. Ile ndefu ilipelekwa kubeba abiria na mizigo, na haikuwa tena gari lilelile lililoongezewa paa.

Limebaki suala la upepo, ambalo haliepukiki katika mkoa ambao upepo wake umewavutia wapangaji wa miradi ya umeme. Ubavu mpana wa stesheni wagoni husukumwa kwa nguvu zaidi, na wengi hudhani kwamba kwa hiyo ndiyo itakayopotoka njia. Lakini sehemu kubwa ya ubavu huo ipo nyuma, nayo hufanya kazi ya manyoya ya mshale: gari husukumwa pembeni kwa ujumla wake, huku pua ikipotoshwa kidogo kuliko ya saluni yenye mkia mfupi. Mkia huohuo uliokatwa wima, hata hivyo, huacha nyuma yake hewa inayozunguka na kurudisha vumbi kwenye kioo, na ndiyo maana stesheni wagoni nyingi hufungwa waipa ya nyuma, kifaa ambacho saluni nyingi hazina na hazikihitaji.