Dhahabu Ikitoka Duarani, Imani Inadai Nini?

Mwaka 2019 masoko ya madini yalianza kufunguliwa Tanzania, la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza. Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa au Nyarugusu akifika sokoni, dhahabu yake hupimwa, Serikali huchukua mrabaha, naye huondoka na fedha yake mfukoni. Akiwa Mwislamu, bado kuna deni moja ambalo hakuna ofisa atakayemdai: zaka.

Kiwango cha chini kinachofuatwa na wengi ni gramu 85 za dhahabu safi. Mali ikifika hapo, hutolewa fungu moja katika arobaini; mwenye gramu 100 anatoa gramu 2.5. Dhahabu iliyowekwa nyumbani husubiri mwaka wa Hijria utimie. Ya mgodini ina hukumu yake. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, haisubiri mwaka: ikishachimbwa na kusafishwa, zaka imeshawajibika, wala gharama za kuchimba hazipunguzwi. Wafuasi wa madhehebu ya Hanafi hutoza zaidi, moja ya tano nzima. Msingi unaotajwa na wanazuoni ni pamoja na aya ya 267 ya Sura Al-Baqara, inayowaagiza waumini kutoa katika walichochuma na katika kile walichotolewa ardhini.

Je, hayo yanahusu imani, au ni hesabu tu? Swali hili liliwagawa wanazuoni mapema sana. Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, aliiona imani kuwa ni kusadiki moyoni na kukiri kwa ulimi. Amali, yaani matendo, ni wajibu, lakini si sehemu ya imani yenyewe. Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 820, aliiingiza amali ndani ya imani na kusema kwamba imani huongezeka na kupungua. Makhawariji, kundi la Waislamu wa mwanzo, walivuka mpaka, wakamtoa katika dini kila atendaye dhambi kubwa. Kwa msimamo wa Masunni walio wengi, tajiri wa dhahabu anayekubali kuwa zaka ni wajibu kisha akaizuia kwa ubahili hajatoka katika Uislamu. Ni mwenye dhambi kubwa, na kwa mafunzo ya Shafi imani yake imepungua.

Na wanaostahili kupewa hawako mbali. Wako chini ya miguu ya tajiri huyo.

Duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, mawe hugawanywa kwa viroba: kuna fungu la mwenye eneo, la mwenye duara aliyegharamia chakula, magogo na pampu, na la wachimbaji walioshuka wenyewe. Hawa wa mwisho huweza kupiga mwamba wiki nyingi bila kukuta kitu, wakila kwa mkopo. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba inataja makundi manane ya wapokeaji wa zaka, wakiwamo mafukara, masikini, wenye madeni na msafiri aliyekwama. Mchimbaji mmoja anaweza kuingia katika zaidi ya kundi moja.

Hata hivyo, amali njema haiishii kwenye zaka. Hadithi mashuhuri ya Abu Huraira inasema imani ina matawi sabini na zaidi, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Katika ukanda huu wa dhahabu, udhia unajulikana. Ni shimo lililoachwa wazi dhahabu ilipokwisha, ni moshi wa zebaki inayochomwa karibu na watoto, ni duara lisilowekewa magogo ya kutosha.

Oktoba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, kifusi kiliwafunika wachimbaji sita. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41; mmoja alifia chini. Aya ya 32 ya Sura Al-Maida huweka kuokoa nafsi moja sawa na kuokoa watu wote, na magogo yanayozuia mwamba usianguke ni sehemu ya uokoaji huo, tena yanawekwa kabla ya msiba.

Waislamu ni wachache hapa, wakiishi kati ya Wakristo na Wasukuma wanaofuata mila zao. Zaka hugawiwa Waislamu kwa kawaida, lakini sadaka haina mpaka huo. Wala shimo halina: anayeweza kutumbukia usiku ni mtoto wa jirani akirudisha ng'ombe, na wa kulifukia ni yule aliyeondoka na dhahabu yake.