Nilizaliwa na nani?

Umekwenda hospitali kwa sababu usiku kifua kinakubana. Daktari anakuuliza, "Nyumbani kwenu kuna mtu mwenye pumu? Kisukari je? Presha?" Kama hujui, unageuka unamtazama mama. Naye bila hata kufikiri anajibu: baba yake mkubwa ana pumu, bibi yake alikuwa na kisukari. Daktari anaandika, mambo yanaendelea.

Sasa vuta picha. Una miaka 30, unaishi Denmark, jina lako ni la Kidenmark na hata ndoto unaota kwa Kidenmark. Mama aliyekulea ni mzungu, mnapendana sana. Lakini kila ukijitazama kwenye kioo unaona sura ya Kikorea. Daktari anauliza swali lilelile. Unamtazama mama, naye hajui.

Watu wa namna hii wako wengi kuliko unavyofikiri. Tangu Vita vya Korea vilipokoma mwaka 1953, inakadiriwa kwamba watoto wapatao 200,000 wa Korea Kusini walipelekwa nje kwa wazazi wapya. Wengi walikwenda Marekani, wengine Ufaransa, Sweden, Denmark, Norway, Uholanzi, Ubelgiji na Australia. Leo ni watu wazima, wengine wana wajukuu. Na maelfu wamerudi Korea kumtafuta mtu ambaye hata jina lake hawalijui.

KUASILI SI KULELEWA NA SHANGAZI

Huenda na wewe hukai na wazazi wako. Kwetu ni jambo la kawaida. Mama amefariki, baba yuko mbali kikazi, basi unahamia kwa bibi, kwa shangazi au kwa baba mdogo. Lakini jina la ukoo unabaki nalo. Pale kijijini wanajua wewe ni mtoto wa nani, na msiba ukitokea unaitwa.

Kuasili ni kitu kingine. Ni jambo la kisheria. Mtoto akishaasiliwa, wazazi wapya ndio wazazi wake kabisa, sawasawa na kama wamemzaa, na haki za wale wa kwanza zinakoma. Akipelekwa nje ya nchi, anabadilika jina, uraia na lugha. Wapo wengi waliopata malezi mazuri kwa njia hii, tena wanawapenda wazazi waliowalea kama wewe unavyompenda mama yako. Kwa hiyo usije ukasema wote waliibwa. Shida kubwa ya Korea ilikuwa kwenye makaratasi.

YATIMA WA KWENYE FAILI

Mwanzoni waliopelekwa walikuwa hasa watoto wa akina mama wa Kikorea na askari wa kigeni. Mwaka 1955 mkulima mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani, aitwaye Harry Holt, na mkewe Bertha, waliasili watoto wanane kwa mpigo. Walikuwa tayari na sita wa kuwazaa! Bunge la Marekani ilibidi lipitishe sheria maalumu kwa ajili yao. Habari ikavuma, familia nyingine nazo zikataka, na mashirika ya kazi hiyo yakakua.

Vita ilikwisha, uchumi wa Korea ukapanda. Ungetegemea idadi ipungue, sivyo? Kumbe wapi, ikazidi. Mwaka 1985 peke yake waliondoka watoto zaidi ya 8,800. Piga hesabu mwenyewe: ni watoto 24 kila siku iendayo kwa Mungu. Hawa hawakuwa tena watoto wa vita. Wengi walikuwa watoto wa wasichana ambao hawajaolewa. Wakati ule msichana wa Kikorea akipata mimba nyumbani ilikuwa aibu ya ukoo mzima, na msaada wa serikali kwa mama wa namna hiyo ulikuwa haba. Mashirika nayo yalilipwa ada na familia za nje kwa kila mtoto. Mimi naona penye msichana mwenye hofu upande mmoja na ada upande wa pili, ni vigumu kusema aliamua kwa hiari yake.

Ili mtoto asafiri upesi, aliandikwa yatima. Mama yupo, pengine na baba yupo, lakini karatasi inasema hana mtu, aliokotwa njiani. Na kuna lililo baya zaidi. Mtoto aliyekwisha kupangiwa familia akifariki, au ndugu zake wakija kumchukua, mara nyingine alitumwa mtoto mwingine kwa jina lilelile.

Hilo ndilo lililompata Deann Borshay Liem. Mwaka 1966 alitua California akiwa na miaka minane. Pasi yake ilisema ni Cha Jung Hee. Si kweli, yeye alikuwa Kang Ok Jin. Familia ya Borshay ilikuwa ikimtumia fedha Cha Jung Hee kwenye kituo cha watoto Korea, ikaomba kumwasili. Lakini baba yake Cha akaja akamchukua mwanawe. Kituo kikamtuma Ok Jin badala yake, na kumwonya asiseme kitu.

Basi akanyamaza. Akajifunza Kiingereza, akasahau Kikorea, na mwishowe akasahau hata kwamba aliwahi kuwa mtu mwingine. Alipokuwa mkubwa ndipo kumbukumbu zikaanza kumrudia. Ndani ya makaratasi yake akakuta picha mbili za wasichana wawili tofauti, jina moja. Akaandika barua kwenye kile kituo. Jibu lilitoka kwa kaka yake: mama yu hai, ndugu wapo. Deann alikuja kuwa mtengeneza filamu, na kisa hiki alikisimulia mwenyewe katika filamu yake ya mwaka 2000, First Person Plural. Humo unawaona wazazi wake wa Marekani wamekwenda naye Korea, wamekaa chumba kimoja na mama aliyemzaa.

WANATAFUTAJE?

Hatua ya kwanza ni faili. Mtu anaandika kwa shirika lililompeleka, au kwa kituo cha taifa cha haki za mtoto kilichoko Seoul. Mwaka 2025 serikali ilianza kuyakusanya mafaili ya mashirika yote kwenye kituo hicho. Kama faili lina jina la mzazi, kituo kinatafuta anwani na kumwandikia barua. Mzazi akikubali, mnaunganishwa. Akikataa, au asipojibu, jina lake kwa kawaida hupewi. Sasa fikiria barua ya namna hiyo inafika kwa mama wa miaka 65, mume wake ndiye anayeifungua, na hajawahi kuambiwa kitu.

Na kama faili lenyewe linasema uongo? Hapo inakuja damu, au tuseme mate. Katika somo la baiolojia umefundishwa kwamba nusu ya vinasaba vyako (DNA) umepata kwa mama na nusu kwa baba. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja hufanana karibu nusu ya vinasaba, na watoto wa ndugu hao, yaani mabinamu, karibu moja ya nane. Kwa hiyo hata mama asipopatikana, binamu anaweza kufungua mlango. Kijiti chenye pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, basi. Hamna sindano. Tangu mwaka 2020 balozi za Korea Kusini katika nchi kadhaa zinachukua vipimo hivi na kuvilinganisha na vya wazazi waliokwenda polisi Korea kusema, "Natafuta mtoto wangu." Tatizo ni hilo: lazima na mama naye awe amekwenda.

Kara Bos alionekana sokoni Korea mwaka 1983, mtoto wa miaka miwili, peke yake. Akapelekwa Michigan, Marekani. Alipokuwa mtu mzima alipima vinasaba, akapata jamaa wa ukoo, na kwa njia hiyo akamfikia mzee mmoja. Jamaa za mzee wakamfungia mlango. Kara akaenda mahakamani, na Juni 2020 mahakama ya familia ya Seoul ikatamka kwamba huyo ndiye baba yake. Kipimo kilikuwa zaidi ya asilimia 99.9. Alishinda kesi. Lakini alichokuwa akitaka ni jibu la swali moja tu: mama yangu ni nani? Walipokutana, mzee hakumjibu.

MOYO UNAKUWAJE?

Wengine watasema, "Si amelelewa vizuri, anatafuta nini tena?" Huko ni kutoelewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake, kadiri inavyowezekana. Kutaka kujua umetoka wapi si utovu wa shukrani kwa aliyekulea. Wazazi wengine wa kulea huogopa kwamba watasahauliwa, hivyo mtu anatafuta kimyakimya, na kule kuficha ndiko kunakomkosesha usingizi.

Kuna anayetafuta akiwa na hasira, akifika anamkuta mama mzee anayelia kuliko yeye. Kuna anayekumbatiwa na ndugu ishirini kwa mara moja, asielewe neno hata moja wanalosema. Usiku hotelini anajisikia mpweke kuliko alivyokuwa kabla. Kuna anayekataliwa, na kukataliwa mara ya pili kunauma pengine kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa ana akili za kuelewa. Ndiyo maana washauri husema anza na barua na picha, usiende peke yako, tafuta mkalimani, na uwe na mtu wa kuongea naye mkitoka.

SI WAKOREA TU

Huko Save, kusini mwa Rwanda, kulikuwa na kituo cha wamisionari walikowekwa watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba mzungu wakati wa utawala wa Ubelgiji. Walitengwa na mama zao. Kati ya mwaka 1959 na 1962 hivi, mamia walipandishwa ndege kwenda Ubelgiji, na huko wengi waliasiliwa au kuwekwa kwenye familia za kuwalea. Wengi walikua bila kujua mama yuko Rwanda, Burundi au Kongo. Aprili 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliwaomba radhi kwa niaba ya serikali. Kwa wengine radhi ilikuja wakati mama yuko kaburini.

Na siku hizi nchi nyingi zimefunga breki. Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto wake mwaka 2014, Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018, na China, iliyokuwa imepeleka watoto zaidi ya 160,000, ikaacha mwaka 2024.

Korea yenyewe imeanza kukiri. Machi 2025 tume yake ya ukweli, iliyopokea malalamiko ya watu 367, ilisema serikali ilivunja haki zao: mafaili ya uongo, yatima wa kubuni, watoto waliobadilishwa majina. Watu 56 walithibitishwa mara hiyo kuwa wameonewa. Oktoba mwaka huohuo rais Lee Jae-myung akaomba radhi.

Radhi haimpi mtu jina la mama yake. Msichana aliyejifungua mwaka 1975 akiwa na miaka 20 leo amepita miaka 70. Wengine wamekwisha kufa bila kumwambia mtu. Wengine wapo, na huenda jirani zao hawajui kwamba waliwahi kuzaa. Kijiti cha pamba polisi kinachukua dakika moja. Mwanawe pengine alishakwenda ubalozini miaka mingi iliyopita, na vinasaba vyake viko kwenye orodha, vinasubiri vya mama.