Joshi na Demani: Istilahi za Mashindano ya Vimashua vya Tanga kwa Vijana

Mfasiri anayekabidhiwa kanuni za mashindano ya vimashua vya tanga hushawishika kudhani kwamba, kwa kuwa mchezo huu una sura ya kigeni, istilahi zake nazo hazina budi kukopwa. Dhana hiyo si sahihi. Watu wa pwani yetu wamesafiri kwa tanga karne nyingi, na wamezipa jina karibu kila hali ya chombo na upepo. Kazi iliyopo ni kuchagua zaidi kuliko kuunda. Na yafaa uchaguzi huo ufanywe kwa makini, maana mwenye kuyatumia maneno haya ni mtoto aliye peke yake majini, ambaye pengine ana sekunde 3 tu za kuamua nani ampishe nani.

Kimashua tutakachokitolea mfano ni kile kiitwacho Optimist, kilichobuniwa na Clark Mills huko Clearwater, Florida, mwaka 1947. Hushindaniwa na watoto wa nchi nyingi, hadi mwaka wanaotimiza umri wa miaka 15. Urefu wake ni mita 2.3 hivi, uzito wake, bila mlingoti wala tanga, ni kilo 35. Hakina foromali, pembe ya juu ya tanga huinuliwa kwa mti mwembamba unaoegemea mlingoti. Sehemu nyingine zina majina yaliyozoeleka: omo, tezi, usukani, na kana, yaani mkono wa kuuongozea usukani. Kamba ya kukazia na kulegezea tanga ni demani. Ama ule ubao unaoshushwa majini ili chombo kisiende kombo, hatuoni sababu ya kuutafutia jina la ajabu. "Ubao wa kati" watosha.

Ugumu unaanza katika kanuni ya kupishana. Kanuni za kimataifa, ambazo hutolewa upya kila baada ya miaka 4, zinaagiza kwamba vyombo viwili vinapokutana huku vikipata upepo kwa pande tofauti, kile kinachoupata kwa kushoto ndicho kipishe. Kiingereza hapa hutumia neno moja kwa mambo matatu: pembe ya chini ya mbele ya tanga, upande ambao chombo kinaupatia upepo, na kitendo cha kugeuza chombo kwa kuukata uso wa upepo. Mfasiri asiyelitambua hilo atatafuta neno moja la Kiswahili, na akilikosa atalikopa lile la Kiingereza pamoja na utata wake.

Kiswahili kimekwisha kuyatenganisha. Joshi (wengine husema goshi) ni ile pembe ya tanga, na upande wa joshi ni upande unaotoka upepo. Upande wa pili ni wa demani. Kwa hiyo kanuni yaweza kuandikwa hivi: "Chombo chenye joshi kushoto kitakipisha chombo chenye joshi kulia." Na pale vyombo vyote viwili vinapopata upepo kwa upande mmoja na kwenda sambamba: "Chombo kilicho joshini kitakipisha kilicho demanini." Sentensi hizi ni fupi, na nahodha wa jahazi angezielewa bila kufundishwa.

Kuna faida nyingine. Upepo unapotoka nyuma kabisa, hakuna upande ulio wazi kuwa wa upepo, na kanuni hulazimika kufafanua kwamba upande usio wa upepo ni ule ambao tanga limelalia. Kwetu ufafanuzi huo umo ndani ya neno lenyewe: pale tanga lilipofunguka, na kamba yake ikaelekea, ndipo demani. Ni kweli kwamba demani ni pia jina la majira, lakini hakuna atakayeyachanganya hayo akiwa ndani ya chombo.

Sasa tuangalie ukelele. Ni desturi mwenye haki kumpigia kelele mwenzake ili ajue. Akipaza sauti "Kulia!" peke yake, mwenziwe ataisikia kama amri. Mtoto mwenye hofu ataisukuma kana kulia. Nayo kana ikienda kulia, omo huenda kushoto. Kwa kuwa upepo anaupata kwa kushoto, atakuwa ameelekea upeponi, na huenda akajiweka mbele ya omo la yule aliyepaswa kumpisha. (Tuache kwamba kulia ni pia kutoa machozi.) Twapendekeza "Joshi kulia!", maneno yanayotaja hali na hayaagizi kitendo.

Kuhusu kitendo cha kugeuza, mabaharia wa zamani walisema kupindua kwa joshi, omo linapoukata upepo, na kupindua kwa demani, tezi linapoukata. Istilahi ni nzuri, ila kitenzi chake siku hizi humfanya msikilizaji afikirie chombo kilicholala juu chini. Mwalimu anayeamrisha "Pindua!" asishangae akitiiwa. Afadhali kugeuza kwa joshi na kugeuza kwa demani. Nako kubisha kubaki kwa safari nzima ya kwenda upande huu na upande huu dhidi ya upepo.

Mwanzo wa mbio hautaki maelezo mengi. Ishara ya onyo hutolewa dakika 5 kabla, ya matayarisho dakika 4, na wakati huhesabiwa kwa bendera wala si kwa mlio. Anayevuka mstari mapema "amewahi", neno lililo bora kuliko "kukosea". Boya huzungukwa, kuligusa kuna adhabu ya mzunguko 1, na kumnyima mwenzio haki ya kupishwa mizunguko 2.

Linabaki neno la hesabu. Wa kwanza hupewa 1, wa pili 2, na mshindi ni mwenye jumla ndogo. Ukiandika "alama", mzazi aliyezoea ripoti za shule atampongeza mtoto wa mwisho. "Hesabu ya nafasi" ni maneno marefu kidogo, lakini ubaoni hayatampoteza mtu.