Shamba Lisilokatwa Vipande

Ninyi watoto wa Gazi na Kinondo, mnaochonga vidau vya makumbi na kuvielekeza kisiwa cha Chale maji yakijaa, mnajua kesi za mashamba zinavyoanza. Babu amefariki, ameacha minazi arobaini na wana wanane. Tuseme wote ni wa kiume, hesabu isitutoe jasho: kila mmoja mitano. Wakija wajukuu, mnazi mmoja una wenyewe watatu. Huyu anataka madafu, yule anataka ukatwe upasuliwe mbao, wa tatu yuko Mombasa na simu hashiki.

Basi Denmark, katika mji mdogo wa Billund, kuna ukoo wenye mali kubwa ya vitu vya kuchezea ambao umefika kizazi cha nne bila kuikata vipande. Mali yenyewe mnaijua: vile vitofali vya plastiki vya LEGO vinavyoshikana.

Aliyeanza ni seremala, Ole Kirk Kristiansen, mwaka 1932. Alichonga bata na magari ya mbao. Kitofali tunachokijua leo kilisajiliwa Januari 1958, na mwaka huohuo mzee akafariki. Msidhani ndugu walipendana tu mambo yakaenda. Mwaka 1960 ghala la mbao liliungua, na mwanawe Godtfred akaamua: mbao basi, sasa ni plastiki. Kaka yake na mdogo wake waliokuwa naye kazini hawakuafiki, wakaondoka, naye akazinunua hisa zao. Watu walitengana, kiwanda kikabaki kizima.

Leo hisa za LEGO hazilali mfukoni mwa mtoto huyu au yule. Ukoo una kampuni yake iitwayo KIRKBI, na hiyo ndiyo yenye asilimia 75 ya LEGO. Asilimia 25 iliyobaki ni ya wakfu, LEGO Foundation, na neno wakfu nyinyi watoto wa Pwani hamhitaji kufunzwa. Faida ya fungu hilo husaidia watoto wajifunze kwa kucheza. Wakfu huo ndio uliofadhili PlayMatters, mpango uliowafikia watoto wakimbizi Uganda, Tanzania na Ethiopia.

Lakini kuwa na mali si kujua kuiendesha, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Kjeld, mwana wa Godtfred, aliongoza kampuni tangu 1979. Kufikia 2003 ilikuwa inapoteza zaidi ya kroni bilioni moja za Denmark kwa mwaka. Walikuwa wametanuka mno, hadi bustani za michezo za Legoland. Mzee mwingine angeng'ang'ania kiti mpaka meli izame naye. Kjeld alitoa fedha zake mwenyewe kuiokoa kampuni, na mwaka 2004 akamwachia usukani Jørgen Vig Knudstorp, kijana wa miaka 35 asiye na tone la damu ya ukoo. Mwaka uliofuata Legoland zikauzwa kwa kampuni ya Merlin, KIRKBI ikibakiza sehemu ya hisa. Hali ilipotengemaa, KIRKBI iliungana na wawekezaji wengine, na mwaka 2019 wakainunua Merlin yenyewe!

Kjeld ana watoto watatu: Sofie, Thomas na Agnete. Hawakupewa kila mmoja kiwanda chake. Walikubaliana kwamba katika kila kizazi mmoja awe mstari wa mbele kwa niaba ya wenzake, na zamu hii ni ya Thomas: mwenyekiti wa bodi ya LEGO tangu 2020, na wa KIRKBI tangu 2023. Dada zake hawakunyang'anywa kitu kwa hilo. Agnete, kwa mfano, alipanda farasi kuiwakilisha Denmark katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na siku zote hizo vitofali vya Billund vilikuwa vyake pia.