Supu ya Mahamali Mjini Paris

Mtu wa pwani akitajiwa chakula cha Kifaransa, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye mahoteli ya fahari: sahani pana kama ungo, kipande cha nyama katikati mfano wa kisiwa, na hesabu ya kumtoa mtu jasho. Hiyo ipo, wala siikanushi. Lakini, ndugu msomaji, iko Ufaransa nyingine inayokula jikoni mwake kwa miaka mingi bila ya fahari, na hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia leo.

Shughuli za ushairi zilinifikisha Paris, na jioni moja nikaenda kutafuta riziki mtaa wa Faubourg Montmartre, namba 7, katika nyumba ya kulia iitwayo Chartier. Nyumba hii ilifunguliwa mwaka wa 1896. Huingii kutoka barabarani. Unapita kichochoro, unatokea uani, na hapo uani ndipo unapokuta watu wamepanga foleni, wenyeji kwa wageni.

Kabla hatujaingia, natuyatazame majina, kwani jina lina siri yake. Neno “restaurant” awali halikuwa jina la nyumba. Katika karne ya 18 mjini Paris lilikuwa jina la supu nzito ya nyama, waliyouziwa watu dhaifu ili warejewe na nguvu. Baadaye jina la supu likahamia kwenye nyumba inayoiuza. Na nyumba za aina ya Chartier huitwa “bouillon”, neno ambalo nalo maana yake ni supu. Mwanzilishi wao alikuwa muuza nyama aitwaye Duval, ambaye katika miaka ya 1850 alianza kuwapikia nyama na supu wafanyakazi wa soko kuu la Les Halles, kwa bei wanayoiweza. Soko hilo lilihamishwa nje ya mji mwaka wa 1969, mahamali wake wakatawanyika, lakini supu yao ikabaki.

Ndani ni ukumbi mkubwa wenye dari ya juu kama stesheni ya gari la moshi, vioo ukutani, na vyuma vya shaba vya kuwekea kofia na mizigo. Ukutani mna visanduku vidogo vyenye namba. Zamani kila mteja wa kila siku alikuwa na chake, akihifadhi humo kitambaa chake cha kupangusia mikono. Wahudumu huvaa vizibao vyeusi na aproni nyeupe ndefu, nao hutembea mbio na sahani zimepangana mkononi.

Hapa humiliki meza. Unakalishwa pamoja na usiowajua, kama vile kwetu watu wanne wanavyozunguka sinia moja arusini bila ya kuulizana ukoo. Na hapo ndipo lilipo zito langu. Mimi nimesoma chuoni kabla ya kusoma skuli, na adabu niliyofunzwa ni kutokaa kwenye meza inayoandaliwa mvinyo. Basi nilimwambia mhudumu waziwazi. Hakukunja uso wala hakucheka. Alizungusha macho ukumbini, akanipeleka pembeni kwa bibi mmoja mtu mzima aliyekuja na mjukuu wake, na mbele yao palikuwa na jagi la maji tu.

Kuagiza nako kulitaka akili. Mvinyo na mafuta ya nguruwe katika mapishi ya kale ya Ufaransa ni kama nazi kwetu: ukiviondoa, nusu ya orodha imekwenda. Kuku wao mashuhuri huchemshwa ndani ya mvinyo. Kabeji yao ya kuchachushwa huja na soseji za nguruwe. Njia iliyonibakia ilikuwa nyembamba lakini inapitika: mayai, mboga, samaki, jibini. Nilimwuliza mhudumu samaki amepikwa na nini. Akaenda jikoni, akarudi na jibu: siagi, chumvi na ndimu.

Nikaanza na vitunguu vya majani vilivyochemshwa na kutiwa siki. Siki yao hutokana na mvinyo, na jina lake kwa Kifaransa lasema hivyo hivyo, mvinyo mchachu. Lakini masheikh wetu walitufunza kwamba mvinyo uliogeuka siki wenyewe, pasi na kutiwa kitu, umetahirika. Na Mtume mwenyewe aliisifu siki kuwa ni kitoweo chema. Nikala kwa utulivu wa moyo. Mkate na maji ya mfereji havilipiwi. Yule bibi alinionyesha kuwa mkate huwekwa juu ya meza penyewe, si ndani ya sahani, na kwamba kuufutia mchuzi uliobaki si aibu. Nikamwambia hata kwetu mchuzi hauachwi.

Chakula huja kimoja kimoja: mwanzo, kisha samaki, kisha jibini, mwisho kitu kitamu. Msidhani kwamba Wafaransa wamezaliwa na mpango huo. Mabwana wao wa zamani waliandaliwa vyakula vingi mezani kwa pamoja, karibu na tufanyavyo sisi. Ni katika karne ya 19 ndipo walipoishika desturi ya kuandaa kwa zamu, nao wenyewe huiita desturi ya Kirusi. Mila basi si jiwe. Ni maji, hubadili njia na yakabaki maji.

Mwishoni mhudumu alitoa kalamu akaandika hesabu juu ya karatasi iliyotandikwa mezani, akaijumlisha mbele ya macho yetu. Ujira wake umo ndani ya bei kwa sheria. Bakshishi ni hiari yako.

Mwaka wa 2010 shirika la UNESCO liliutia mlo wa Wafaransa katika urithi wa binadamu. Kilichoandikishwa si mapishi ya hoteli fulani, bali ada ya watu kukaa pamoja, kupanga vyakula na kuvizungumza. Jumba la Chartier nalo lilikuwa limekwisha hifadhiwa na serikali tangu 1989. Lakini mimi naona kinachoilinda zaidi ni bei. Mwanafunzi, karani na ajuza wa pensheni bado wanaingia. Na tangu 2017 nyumba nyingine za supu zimefunguliwa upya mjini humo, nazo foleni zao ni ndefu.

Hapo ndipo penye funzo letu. Biriani, samaki wa kupaka na mkate wa mofa tunavisifu sana kwenye matamasha. Lakini tujiulize: hamali wa Mombasa anavila wapi, na kwa shilingi ngapi? Chakula kikishamshinda mwenyeji kukinunua, hicho si mila tena, ni maonyesho ya wageni.