Mtu Mweusi katika Sinema za Hollywood

Atazamaye sinema za zamani za Marekani huvutwa na farasi, bunduki na nyumba za fahari. Twamwomba amtazame pia mtu mweusi: amesimama wapi, amevaa nini, anaitwa kwa jina gani. Hapo ataona jinsi nchi ile ilivyogeuka.

Mwaka 1939 ilitoka Gone with the Wind, sinema ya majimbo ya kusini wakati wa vita vya 1861 hadi 1865. Hattie McDaniel, binti wa wazazi waliokuwa watumwa, alicheza humo mtumishi wa nyumbani. Sinema ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Atlanta yeye hakuwapo, maana sheria za huko ziliwatenga weusi na weupe. Februari 1940 akapewa Oscar, zawadi kubwa ya sinema, wa kwanza miongoni mwa watu weusi. Lakini katika hoteli ya Los Angeles ilimotolewa zawadi hiyo, hakuketi pamoja na wenzake. Aliwekewa meza yake mbali nao. Alipofariki mwaka 1952, makaburi ya Hollywood aliyoyachagua yalimkataa kwa sababu ya rangi yake.

Je, wenye sinema hawakuweza kutunga habari nyingine? Waliweza, ila waliogopa hasara, kwa kuwa majumba mengi ya kusini yangeikataa sinema iliyompa mweusi heshima. Tena ilikuwapo kanuni ya Hollywood ya mwaka 1930, iliyoshikwa kwa nguvu tangu 1934. Wakatoliki wengi wa Marekani waliiunga mkono kwa kuwa ilizuia machafu. Lakini kanuni hiyohiyo ilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mweupe na mweusi, kana kwamba rangi ya ngozi nayo ni uchafu! Katazo hilo liliondolewa mwaka 1956 tu.

Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kutangulia. Askari weusi walikuwa wamerudi kutoka vitani. Mwaka 1948 Rais Truman aliamuru ubaguzi ukome jeshini. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ilikataza kuwatenga watoto katika shule za serikali. Sinema ilifuata nyuma, kwa hatua za woga. Mwaka 1950 Sidney Poitier alicheza daktari, si mtumishi tena. Katika Lilies of the Field ya mwaka 1963 alikuwa fundi msafiri, Mprotestanti, anayewajengea masista kikanisa katika jangwa la Arizona. Kwa kazi hiyo alipewa Oscar mwezi wa Aprili 1964. Mwezi wa Julai Rais Johnson akatia sahihi sheria ya haki za raia.

Kisha ikaja In the Heat of the Night, mwaka 1967. Poitier ni mpelelezi wa polisi katika mji mdogo wa Mississippi, naye anadai aitwe Bwana. Tajiri mweupe wa mashamba anampiga kofi. Papo hapo naye anamrudishia. Mtumishi wa jikoni wa mwaka 1939 asingeweza hata kuinua mkono.

Ndivyo ilivyokuwa katika hadithi. Poitier mwenyewe, aliyewahi kufukuzwa usiku na wabaguzi huko Mississippi mwaka 1964, hakutaka kurudi kusini. Basi sehemu kubwa ya picha za sinema hiyo zilipigwa Illinois, kaskazini.