Kitabu Kilichoandikwa na Mashine, na Punda wa Maziwa

Wakulima wengi wa skimu yetu hapa Nyandarua sasa wana simu za intaneti, na mtu akiona kupe wamezidi, au viazi vimekauka majani, huuliza simu kwanza, ndipo aje ofisini. Si vibaya. Ofisi ni mbali na Bwana Shamba ni mmoja. Lakini yafaa mjue ni nani aliyeyaandika maneno mnayoyasoma.

Asubuhi moja mama mmoja alinijia kabla sijafungua dirisha. Akasema, “Mwalimu, punda wangu hali, hanyi, anasinzia tu.” Nikamwuliza, “Umempa nini, mama?” Akanionyesha simu. Alikuwa amesoma katika kitabu cha maarifa cha intaneti kwamba dawa ya amitrazi huua kupe wa mifugo. Basi akanunua chupa ya asilimia 12.5, akachanganya mililita 40 katika lita 20 za maji, akawanyunyizia ng'ombe wake. Kipimo kilikuwa sawa na ng'ombe hawakudhurika. Dawa iliyobaki bombani akaona hasara kuimwaga, akamnyunyizia punda.

Amitrazi haifai kwa farasi wala kwa punda. Huyalegeza matumbo yao mpaka chakula kisimame ndani, na mnyama aweza kufa. Kibandiko cha chupa kilisema hivyo juu ya farasi, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Ukurasa wa simu ulisema “mifugo” tu. Daktari wa mifugo alikuja, na punda akapona, lakini kwa siku nne maziwa yalikwenda kituoni kwa mgongo wa mama.

Niliketi na kijana wake tukautazama ukurasa ule. Chini yake palikuwa na maneno kwamba umeandikwa na akili unde, yaani mashine ya kompyuta iliyosomeshwa maandiko mengi mno, nayo hutunga maneno yake kwa kufuata yale iliyoyasoma. Vitabu vya namna hii sasa vipo kadha wa kadha, na jina la kile alichokisoma mama naliacha. Kinachojulikana zaidi ni Grokipedia, kilichofunguliwa tarehe 27 Oktoba 2025 na kampuni ya xAI ya Bwana Elon Musk. Kilianza na kurasa zaidi ya 800,000, kwa Kiingereza. Hesabu hiyo hakuna ofisi ya makarani ingeiandika kwa muda mfupi namna hiyo, nami nasema hivyo nikiwa karani.

Kitabu cha zamani zaidi ni Wikipedia, kilichoanza tarehe 15 Januari 2001. Hicho huandikwa na watu wa kujitolea, na tangu 2003 kipo cha Kiswahili pia. Ukiona kosa humo wabonyeza neno “Hariri,” walisahihisha mwenyewe, na historia ya ukurasa huonyesha ni nani aliyebadili nini na siku gani. Katika vitabu vya mashine, msomaji kwa kawaida haligusi andiko lenyewe. Hupeleka shauri: sentensi hii ina kosa, isemwe hivi, na ushahidi ni huu. Kisha mashine huamua.

Tulipeleka mashauri mawili. La kwanza lilisema dawa hiyo isitumiwe kwa farasi na jamaa zake, tukataja maandishi ya watengenezaji wa dawa. Likakubaliwa. La pili lilisema kwamba katika skimu zetu punda hufungwa zizi moja na ng'ombe, kwa hiyo bomba lioshwe na dawa iliyobaki isitumiwe kwake. Likakataliwa kwa kuwa halikuwa na ushahidi uliochapishwa. Kijana alikasirika sana. “Ushahidi gani tena, na punda yuko pale nje?”

Ni kweli, lakini hata Wikipedia ingemjibu vivyo hivyo, maana haikubali neno la mtu la “nimeona kwa macho yangu.” Hutaka kitabu, gazeti au taarifa ya watafiti, kama wale wa KALRO. Nami naona sheria hiyo ni ya haki, kwani mwuza dawa wa uongo naye husema ameona kwa macho. Ubaya wake ni kwamba mengi tunayoyajua sisi wa mashambani hayajapata kuchapishwa. Tena msitoe ushahidi wa ukurasa mmoja wa mashine kwa mwingine, kwa sababu huenda wa pili uliyanakili makosa ya wa kwanza.

Kwa hiyo, mtu akisoma habari ya dawa katika simu, na asome pia kibandiko cha chupa chote, akitazama jina la mnyama wake mmoja mmoja. Asipoona jina lake, aulize kabla ya kunyunyiza. Na anayetaka kupeleka masahihisho aandike sentensi moja kwa shauri moja, bila kutia jina la jirani wala nambari ya shamba la mtu.

Wazee waliopata mashamba tangu mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962, kama mna vijitabu vya majosho au vya ng'ombe wa gredi mlivyopewa siku zile, nileteeni ofisini siku yoyote ya soko. Nitavirudisha. Yule kijana amekubali kuvisoma pamoja nami, na shauri letu la pili bado tunataka kulipeleka tena.